Foronya chukueni, mto wenyewe muuache hapohapo dukani

Wakuu habari za Jumapili. Hii nimeichelewesha wiki mbili makusudi, nilitaka hasira ziishe kwanza maana mi nikiandika na hasira naonea watu. Ni kuhusu fremu moja ya mama mmoja iko uchochoroni Makoroboi hapa mjini Mwanza, anauza foronya za kudarizi na mito. Jina simtaji, ila ukifika pale ulizia mama wa foronya za manyoya, hata wauza mitumba watakuonyesha kwa kidole.

Ilivyokuwa ni kwamba binti wa dada yangu alikuwa na sendofu Sengerema, na mi mjomba mtu nikasema mwaka huu sipeleki ndoo wala sufuria, kila mtu anapeleka sufuria, yule mtoto ataishia kufungua duka la sufuria. Jirani yangu akanambia kuna mama ana foronya za ajabu, nenda kaone. Nikaenda.

Fremu yenyewe ni ndogo, mkiingia watatu wa nne anasubiri nje. Kamba zimefungwa toka kona mpaka kona na foronya zimebanwa na vibanio vya nguo, ukiangalia juu ni kama umelala chini ya nguo za watu wengine. Foronya za misemo sote tunazijua, bibi zetu wamedarizi sana, Lala Salama, Usiku Mwema, njiwa wawili wanagusana midomo na ua kila kona. Huyu mama kaja na lake: msemo wowote anaoudarizi lazima uwe na unyoya ndani yake, tena hauwi wa hapa tu, anaokota wa dunia nzima. Nikamuuliza kwa nini manyoya, akacheka, "Baba, mto si unajazwa manyoya? Basi nikaona mto ujisemee wenyewe." Ana daftari la kaunta, lile kubwa la mistari, kila mteja wa mbali akiingia anamuuliza kwao wanasemaje kuhusu unyoya. Kuna Wachina wa ujenzi, kuna mapadri, kuna madaktari waliosoma Urusi, wote wamemuachia kitu humo.

Nianze na kazi yake ya mkono maana ndo anayostahili sifa. Uzi umebana, ukigeuza nyuma huoni mafundo yananing'inia, na herufi zinasomeka hata ukiwa mlangoni. Nimefua mara tatu kwa sabuni ya mche, nyeusi na kijani zimekaa palepale, nyekundu ndo imechuja kidogo ile mara ya kwanza halafu ikatulia. Bei foronya moja elfu kumi na mbili, pea elfu ishirini. Kwa kazi ile sio ghali, msibishane.

Sasa misemo. Ile niliyomchukulia binti ni ya Wachina, imeandikwa "Unyoya umetoka mbali, zawadi ni ndogo moyo ni mzito". Kisa chake mama alinisimulia huku anakata uzi kwa meno, na nilivyokuja kukifatilia nikakuta kweli Wachina wanacho. Ni enzi za utawala wa Tang, mjumbe katumwa apeleke ndege kwa mfalme, batamaji yule mweupe wa shingo ndefu, zawadi ya maana kabisa. Njiani kafika ziwani, akamwonea huruma ndege kachafuka, akasema ngoja nimwogeshe. Weee. Kamfungua tu, ndege huyo, kapaa, kamwachia unyoya mmoja mkononi. Ungekuwa wewe ungerudi kwenu ukajifiche, yeye akaubeba uleule unyoya mpaka kwa mfalme na kashairi ka kuomba radhi, kwamba nimetoka li elfu moja nakuletea unyoya, usiangalie udogo wake. Li moja ni kama nusu kilometa, kwa hiyo li elfu moja ni kama utoke hapa Mwanza ufike Singida na unyoya mkononi. Mfalme akapokea. Mpaka leo Mchina akikuletea kazawadi kadogo anakutajia huo unyoya. Kwa mjomba ambaye mfuko wake ulikuwa umekauka mwezi ule, msemo ulinifaa kuliko maelezo yoyote ambayo ningeyatoa kwenye kipaza sauti.

Wachina hao hao wana nyingine nimecheka mpaka mama akanitazama. Jogoo wa chuma, hanyonyoleki hata unyoya mmoja. Yaani bahili. Kamdarizi jogoo wa kijivu kifua mbele, amesimama kama mtu aliyeombwa mchango wa harusi. Nikamuuliza nani wananunua hii, akasema wake za watu. Hiyo itarudi baadae, ikumbukeni.

Kuna ya Warusi. Kwao mtu akienda kwenye mtihani hawamwambii kila la heri, wanamwambia usipate malaika wala unyoya, malaika yale ya laika, vinyweleo laini, msije mkafikiri ya mbinguni. Ni maneno ya wawindaji, manyoya laini ni ya mnyama na unyoya ni wa ndege, unamwombea mwenzio akose ili shetani asisikie akaharibu. Na anayeambiwa haruhusiwi kusema asante, anatakiwa ajibu "nenda kwa shetani". Sasa mama kaidarizi yote mbili, swali upande mmoja wa foronya na jibu upande wa pili, na anasema wanafunzi wa kidato cha sita wanazinunua. Ushauri wangu wa bure, hiyo usimpelekee mama mchungaji.

Kuna fupi ya Wamaori wa New Zealand, manyoya ndo yanamfanya ndege aruke. Wao wanamaanisha mtu mpe vifaa, mpe mtaji, mpe nguo za kuendea kazini, ndo umdai apae. Hapa nikakaa nikafikiria, maana sisi tunasema kila ndege huruka kwa ubawa wake, yaani jitegemee. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kasimama mlangoni akasema hiyo ya Wamaori ipelekwe halmashauri kwenye ile mikopo ya vijana. Mama hakujibu, akaongeza sauti ya redio.

Halafu nikamchokoza, nikamwambia mama mbona sioni ya kwetu yenye unyoya? Tukakaa pale mimi, yeye na wateja wawili, nusu saa nzima tunatafuta. Zikaja za ubawa, zikaja za kuku mzima, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mgeni ni kuku mweupe, hiyo ya mwisho ni rangi ya manyoya kabisa lakini neno unyoya halimo! Kanga hazai ugenini, halimo. Mi nadhani ni kwa sababu unyoya kwetu ni takataka, kuku akishachovywa maji ya moto yale manyoya yanaenda jalalani na maji yake, nani akae ayatungie methali. Wenzetu kwenye baridi walikuwa wanalalia, Mjerumani mpaka leo kumwambia mtu amka anasema toka kwenye manyoya. Mwishowe mteja mmoja akasema "ndege wa manyoya sawa huruka pamoja" na mama akaonyesha anayo, kaiandikia chini "Wahenga wa Pwani". Hapo nikabisha. Hiyo kwenye maandishi ya Kiingereza ipo toka 1545, aliiandika William Turner, ndege wa jinsi moja na rangi moja hukaa kundi moja na kuruka pamoja, na huyo bwana ndege alikuwa anawajua kweli maana mwaka mmoja nyuma, 1544, alikuwa katoa kitabu cha ndege. Mama akasema sawa baba, ila Wahenga wa Pwani inauzika. Nikanyamaza.

Kosa ambalo sikuweza kunyamazia ni unyoya mweupe. Kadarizi unyoya mmoja mweupe mzuri kweli kwenye kitambaa cha bluu na chini kaandika "Amani", na anawauzia maharusi. Mama, kwa Waingereza unyoya mweupe ni alama ya uoga! Inatokana na jogoo wa kupiganisha, jogoo akiwa na unyoya mweupe mkiani wanasema damu yake imechanganyika, hana moyo. Agosti 1914 vita ya kwanza ndo imeanza, admirali mmoja anaitwa Charles Fitzgerald akawapanga wanawake 30 kule Folkestone, wakawa wanazunguka wanamkabidhi unyoya mweupe kila mwanaume wanayemkuta hajavaa sare, kumwaibisha aende jeshini. Vijana wakaenda kufa kwa sababu ya unyoya. Vita hiyohiyo ndo ilifika mpaka hapa kwetu, Waingereza wakaichukua Mwanza kwa Wajerumani Julai 1916. Sasa mi nikamwambia mama, kwetu ni kinyume, tunasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, mwoga ndo mwenye akili, karudi nyumbani mzima. Akaipenda, akaandika kwenye daftari. Nilivyopita juzi nikaikuta imeshadariziwa, kunguru na shingo yake nyeupe, ameangalia nyuma. Ile "Amani" bado ipo lakini kaipeleka kona ya ndani.

Iliyonikamata kabisa lakini ni ya tai. Tai kachomwa mshale, anaanguka, anageuka kuangalia kilichomchoma, anakuta mkia wa mshale umefungwa manyoya ya tai. Ya kwake mwenyewe. Watu wanaipa Wagiriki, na kweli Aeschylus kaigusa kwenye moja ya tamthilia zake karne ya 5 kabla ya Kristo, ila mwenyewe anasema ni hadithi ya Libya. Libya jamani! Kwa hiyo ni ya bara letu, Mgiriki kaazima na kakiri kaazima. Na sisi bila hata kuisikia tunayo nusu yake, kikulacho ki nguoni mwako, ila ya tai inauma zaidi kwa sababu chawa hukumzaa wewe, ila unyoya uliuotesha mwenyewe na ulikuwa unakurusha. Kwenye foronya kaweka furukombe wetu wa ziwani, kichwa cheupe, anadondoka kichwa chini. Nimejinunulia hiyo. Mke wangu hataki kuilalia.

Zipo na zingine nazipita haraka. Ile ya maji mgongoni mwa bata, matusi yanateleza, inatoka sana anasema, wenye mawifi wanaijua. Juu ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, katundika ile inayosemwa ni ya Colbert, waziri wa fedha wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, kwamba kutoza kodi ni sanaa ya kumnyonyoa bata bukini manyoya mengi kwa kelele kidogo. Risiti nilipewa bila kuomba.

Sasa tufike kwenye mto, ndo palipo na ugomvi.

Mito iko kwenye shelfu nyuma yake, elfu kumi na nane mmoja, kila mto una lebo imeshonwa pembeni "Manyoya halisi ya bata bukini". Nikabonyeza, laini, nikanunua mmoja wa kwangu nikatie foronya ya tai. Usiku wa kwanza kitu kinanichoma shingoni. Nikadhani kunguni, nikawasha taa, hakuna kitu. Nikalala, kinachoma tena. Nikapapasa nikavuta kikatoka kibua kigumu cha unyoya kimepenya kitambaa, kirefu kama njiti ya kiberiti. Usiku wa pili mvua ikanyesha, hewa ikawa na unyevu, chumba kizima kikanuka banda la kuku. Hapo mtu yeyote aliyewahi kufuga anajua, unyoya usipooshwa vizuri ukakaushwa, ukipata unyevu unakuambia ulikotoka.

Mi napanga Igogo, juu kule kwenye mawe. Jumamosi mchana nikachukua wembe nikakaa barazani nikaupasua nione kuna nini. Kosa langu hapa nakiri, mchana ule upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza. Nilichokiona ndani kwa zile sekunde chache: manyoya ya kuku, ya kahawia, meusi, meupe, mengi ya mbawa yale yenye bua nene, vipande vya sponji la godoro, na kipande cha gazeti. Bata bukini hakupita hata kusalimia. Nataka kushangaa vizuri, upepo ukapuliza, nusu ya mto ukaondoka.

Chini ya baraza yangu mama jirani alikuwa kaanika dagaa. Wabichi, ndo kwanza katoka kuwatandaza. Sihitaji kuendelea ila naendelea. Manyoya yakatua juu ya dagaa yakagandia. Mengine yakaenda kwenye nguo zilizoanikwa, mengine kwenye mwembe, mengine nadhani yamefika Mkuyuni. Mama jirani akatoka, akaangalia juu, akaangalia dagaa wake, akasema taratibu kabisa, "Baba nanihii, leo umechinja kuku wangapi na hujatuita?" Nimeokota unyoya mmoja mmoja toka kwenye dagaa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu, mimi na watoto wake wawili, nikawanunulia soda, na dagaa sado moja nikailipia kwa sababu ilishindikana.

Na wakati naokota nikakumbuka kumbe msemo wenyewe niliuona dukani nikaupita! Foronya ya njano, "Ulimi ni mto uliopasuka". Hiyo ni ya padri mmoja mzee alimwachia, kisa cha Mtakatifu Filipo Neri wa Roma, karne ya 16. Mwanamke alikuwa mmbea, akaja kuungama, akaambiwa kanunue kuku, rudi kwangu huku unamnyonyoa njiani. Akarudi na kuku mtupu. Akaambiwa haya sasa nenda kayaokote manyoya yote. Wayahudi nao wanakisimulia, kwao ni rabi na ni mto kabisa, unapasuliwa kwenye upepo. Mi nilikuwa nadhani ni mfano tu wa kanisani. Wakuu, ni hesabu. Mto mmoja mdogo una manyoya ambayo watu watatu hamuyamalizi kwa masaa matatu na nusu.

Jumatatu nikarudi na mabaki kwenye kiroba. Mwangaluka mama, mwangaluka baba, nikamwaga ushahidi juu ya meza. Nisiwe mwongo, alishtuka kweli, akavishika vile vipande vya sponji akavigeuza. Akasema mito yeye hashoni, analetewa ikiwa imejazwa na lebo zake, yeye zake ni foronya. Nikamwambia sawa ila pesa nimekupa wewe. Akanyamaza, halafu akanyoosha kidole kwenye kamba, juu kule, kwa yule jogoo wa kijivu. "Baba, yule unamjua?" Sikutaka kucheka. Nikacheka.

Pesa hakurudisha. Alichofanya, alishusha foronya moja akanipa bila hela, ya yule ndege wa kwenye hadithi za Aesop wa Ugiriki aliyeokota manyoya ya tausi akajichomeka akaenda kuringa, tausi wakamnyofoa yote wakamwacha uchi. Chini kaandika ya kwetu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikamwambia mama hii ungeishona kwenye ile mito. Akasema "Nimekusikia." Na nilivyopita juzi lebo zimebadilika, zinasema "Manyoya mchanganyiko". Bei ileile elfu kumi na nane.

Kwa hiyo maksi zangu. Foronya nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa ile nyekundu kuchuja na ile "Amani". Mto nyota moja, na hiyo moja ni ya kitambaa cha nje. Huduma ya mama nyota tatu, anakusikiliza, anakusimulia, ila hela ikishaingia droo haitoki. Kama unataka mto wa maana nenda kachukue sufi ujaze mwenyewe, ya binti nilijaza sufi na haijamchoma mtu, alinipigia mwenyewe toka Sengerema kwamba mume ndo kauhodhi. Na kama ni lazima manyoya basi yawe yale laini ya kifuani mwa bata, sio ya mbawa za kuku, na kitambaa cha ndani kiwe cha kufumwa kwa kubana sana, nyuzi zikiachana tu mabua yanatoka.

Ukitaka msemo wako mwenyewe anadarizi kwa oda, siku nne, anachukua nusu ya hela kwanza. Jumapili kafunga. Mi nimempa wazo la mnandi, wale weusi wanaoanika mbawa juu ya mawe pale ziwani, maana bata anajipaka mafuta yake toka kwenye tezi ya mkiani maji yanateleza, mnandi manyoya yake ya nje yanalowa ndo maana anazama vizuri kufata samaki, halafu anatoka anakaa juani kama nguo. Bata anasifiwa, ila wa mnandi mi sijawahi kusikia msemo hata mmoja. Mama kaniuliza sasa tumwandikie nini, tumebishana, bado hatujapata. Kasema nipite Alhamisi.